Mstari Ulioondolewa kwenye Ukurasa wa Mfagiaji

Ofisini walimwita Mwandishi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kueleza matumbo ya mkalimani. Mkalimani huyo hakuwa mtu, bali programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa kwa lugha rahisi na kuyatekeleza palepale. Kwa nje alikuwa mpole, hata mwanafunzi angemtumia. Ndani alijengwa kwa C, lugha ngumu ya kompyuta, amri juu ya amri, na kila amri ilikuwa na masharti mengi kuliko ya mganga. Aliyetaka kumwongezea mkalimani uwezo mpya ilimbidi ayajue masharti hayo, nayo yalikuwa vichwani mwa watu wanne tu.

Hao wanne waliitwa kwa sehemu zao. Bwana Herufi alitunza maneno, Bibi Jedwali majedwali, Mzee Namba hesabu, na Mfagiaji alisimamia usafi wa memori, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Mfagiaji alikuwa mume wa dada yake Mwandishi. Ndiye aliyemtafutia kazi, na chumba cha uani alimolala kilikuwa cha nyumba yake.

Kwa kila sehemu Mwandishi aliandika ukurasa wa maelezo, na kila ukurasa ulikuwa na mstari wa mwisho: "Anayejua," kisha jina. Wenye kampuni wapya walipoingia walileta mtihani. Mtu wa nje, asiyewahi kumwona mkalimani kwa ndani, anapewa ukurasa mmoja na kuandika programu ndogo kwa kuusoma huo tu. Akikwama, jina la chini linabaki. Akifaulu, linafutwa. Meneja alisema huo ndio ubora. Pengine aliamini hivyo; mameneja huamini mambo mengi.

Likafutwa la Mzee Namba. Muda si mrefu meza yake ilikuwa tupu, waya za kompyuta zimekunjwa kama za dukani. Watu walisema mzee amechoka, akapumzike. Likafutwa la Bibi Jedwali, naye akaondoka kabla hajamaliza chai. Kikombe chake kilibaki dirishani na hakuna aliyethubutu kukiosha. Zamu ya Bwana Herufi ilipofika, alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake. Dalili ya mvua ni mawingu, na sasa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya meza moja tu, ya Mfagiaji. Mwandishi alianza kuviogopa vidole vyake mwenyewe, maana kurasa zote zilikuwa zake, na zilikuwa nzuri.

Ukabaki ukurasa wa mfagiaji wa memori. Huyu, ile sehemu ya programu na si shemeji, hufanya kazi kama mfagiaji yeyote: memori ikijaa, anaamka, anapita, anatupa kila kisichoshikwa. Kwa hiyo ukitengeneza neno jipya, ulishike kwanza, yaani umwonyeshe mfagiaji kwamba bado linatumika, ndipo uite amri nyingine, kwa kuwa baadhi ya amri humwamsha. Usipolishika, litatupwa nawe bado unalitumia, na mahali pake patawekwa kitu kingine. Ubaya wake ni kwamba huenda programu isianguke wala isilalamike. Itaendelea na kazi, imeshika kisicho chake.

"Ile amri ya kuunganisha maneno," shemeji yake alimwambia jioni moja mezani, "umeandika kwamba inamwamsha?"

"Nimeandika. Kwani haimwamshi?"

"Inamwamsha. Uondoe huo mstari."

Alidhani ni utani wa mashemeji. Akamtazama, akaona mtu hajagusa chakula.

"Shemeji, mtu wa nje si atateleza?"

"Ndicho ninachotaka. Akiteleza, jina langu linabaki. Halafu tutaurudisha, mimi na wewe, kimyakimya. Nani ataumia?" Akatupa jicho chumba cha pili, ambako dada alikuwa akipiga pasi sare za watoto. "Au wewe ndiye utakayewaambia hao kwamba baba hana kazi?"

Mkalimani yule alikuwa njiani kuwekwa kwenye mashine za hospitali, zile zinazopima dawa inayoingia mshipani, na watengenezaji wa mashine hizo wangeandika programu zao kwa kufuata kurasa zilezile. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Kesho yake Mwandishi alipiga moyo konde, akaufuta mstari.

Mtu wa nje alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mchangamfu, hana hili wala lile. Alikaa chumba cha mikutano, akasoma, akaandika programu ya kuunganisha majina machache, akaiendesha. Majina yakatoka sawasawa. Programu ilikuwa ndogo mno. Memori haikujaa hata pembe moja, na mfagiaji hakuamka.

"Huu ndio mwepesi kuliko zote," mama yule alisema akikusanya vitu vyake. "Mimi niliambiwa ndio mgumu."

Ndipo Mwandishi alipoelewa. Ugumu wote ulikuwa kwenye ule mstari. Ungekuwepo, mama yule angelazimika kujua kipi kishikwe, lini, na kiachiwe wapi, na angetoka mlangoni akimtafuta anayejua. Ukweli ndio ungemwokoa shemeji. Wao walikuwa wamemfagilia mgeni njia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jina likafutwa, ukurasa ukafungwa, na shemeji akaondoka wiki hiyohiyo na boksi lake, bila kugeuka. Nyumbani dada aliuliza swali moja tu, huku akiosha vyombo: "Mdogo wangu, ilikuwa lazima ukurasa wake uuandike vizuri hivyo?"

Mwandishi akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani.

Kisha likaja tangazo ofisini, na keki: mashine za kwanza zimewashwa wodini. Watu walipiga makofi. Yeye alisimama na kipande chake mkononi, akiwaza mashine isiyozimwa usiku wala mchana, memori ikijaa polepole, hadi siku mfagiaji atakapoamka. Siku hiyo huenda mashine itakuwa katikati ya kuunganisha jina la mgonjwa na kipimo cha dawa yake.

"Tukaseme," alimwambia shemeji jioni.

"Ukisema umenimaliza. Hakuna ofisi itakayonigusa tena. Na wewe utalala wapi?"

Hakulala popote usiku ule, maana hakupata usingizi. Asubuhi aliingia kwa meneja kabla hajavua koti.

"Ukurasa wa mfagiaji una upungufu," alisema. "Nataka kuongeza mstari."

"Umeshafungwa. Kuufungua kunahitaji sahihi ya anayejua, na pale chini hakuna jina."

Mwandishi akaivuta kibodi. Aliandika mstari wote kama ulivyokuwa, kisha chini, mbele ya "Anayejua," akaandika jina lake kamili, lile la wazazi. Meneja alisoma mara mbili.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Peke yako?"

Aliwaza sare za watoto kwenye ubao wa pasi. "Jina lililopo hapo ni langu," alisema. "Piga simu hospitali."

Meneja akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Akapiga tena.