Bibi Hakuwa na Homa

Makuti yakiungua yana harufu yake, haifanani na ya kuni wala ya nyasi. Mwanzoni ni tamu kidogo, kama nazi inayokaangwa, halafu inakuwa kali na kukaba koo. Asubuhi ile askari wa Kireno walipotia moto kijiji chetu, kaskazini ya Mocímboa da Praia, harufu hiyo ilichanganyika na ya samaki waliokuwa wakikauka uchagani, na ya mbuzi wa Mzee Sumaili aliyesahauliwa bandani na kamba shingoni. Mbuzi yule alilia kama mtoto. Mzee Sumaili alirudi kumfungua, wakampiga risasi ya mgongo, akaanguka mlangoni pake. Kumzika wakatukataza. Walisema tunawalisha vijana wa msituni waliokuwa wakipigana nao. Na kweli tulikuwa tunawalisha. Ni watoto wetu, tungemlisha nani? Wakatuswaga mpaka kambi waliyoizungushia seng'enge kando ya barabara, watu wa pwani na Wamakonde wa bara, tukasongamana humo pumzi juu ya pumzi.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya, na nililala kitanda kimoja na Bibi Anshia, mama yake baba. Baba alikuwa ameshaingia msituni. Bibi alinitania kama bibi wa kwetu wanavyotania wajukuu. Aliniita "mke mwenzangu" na kunilaumu kuwa nimemwibia mume. Uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui iliyompata usichanani, na makovu yale kwetu yalikuwa heshima. Ndui ikiingia kijijini, mwenye makovu ndiye aliyeitwa kuwauguza wagonjwa na kuwaosha maiti, kwa sababu ndui haimrudii mtu. Hilo lilikuwa kweli. Kosa letu ni kwamba ukweli ule wa ugonjwa mmoja tuliuvuta kama shuka tufunike nao magonjwa yote. Tuliamini mzee aliyeishinda ndui amemaliza maradhi yake, mwili umekomaa kama mkoko, hakiingii kitu. Basi kifaduro kilipowashika watoto wa kambi, jumbe Shabani, aliyekula meza moja na askari, akaamuru watoto wote wanaokohoa walazwe kibanda kimoja, na wazee wenye makovu wawatunze. Hakuna aliyepinga, hata Mama. Bibi mwenyewe alicheka. "Kifaduro? Hicho kitoto! Mimi nimelala na ndui, ikaamka yenyewe ikakimbia."

Jumbe Shabani huyo huyo ndiye aliyegawa unga. Asiyebeba mawe ya barabara, alisema, atakula kinachobaki, na hakikubaki kitu. Uji wa Bibi ulikuwa maji meupe tu, na hayo nayo aliwanywesha watoto wa watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; hakuna aliyeuona uzito wake. Nyama ilimwisha mikononi, ngozi ikaning'inia. Kibandani wazee wakaanza kufa, mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, na watu wakasema ni uzee, ni huzuni ya kuchomewa nyumba. Sasa ndiyo najua. Mwili wa mzee mwenye njaa ni nyumba iliyoliwa nguzo na mchwa: ukiitazama imesimama, ukiegemea ukuta mnaanguka wote. Watoto wengi walikohoa wakapona. Waliowauguza wakazikwa.

Bibi naye akaanza kuanguka. Hakutetemeka, hakukohoa kwa kishindo kama watoto. Aliacha kula, akawa anakaa tu kutazama seng'enge, na asubuhi moja akaniita Mariamu, jina la dada yake aliyezama baharini kabla baba hajazaliwa. Sikuwa mke mwenzake tena. Mama akambeba mgongoni mpaka kwa Moura, Mreno mwenye sanduku la dawa, tuliyemwita enfermeiro, yaani muuguzi kwa lugha yao. Sindano alikuwa nazo. Tulimwona akiwadunga askari, na hata mbwa wa kapteni. Moura akamtia Bibi kipimajoto kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akasema maneno mawili ya Kireno. Sipai Amade, Mwafrika mwenzetu aliyevaa nguo zao za askari, akatafsiri huku anacheka.

"Hana homa. Hana kitu."

"Mwulizeni jina lake," Mama akasema. "Juzi alikuwa ananitania, leo hanijui."

"Dada, mkweo mjanja huyu. Amechoka kufuta makamasi ya watoto, sasa anataka sindano ya bure."

"Amade, na wewe una bibi."

"Wangu anafanya kazi."

Akaenda kumwambia jumbe kwamba kuna mwanamke mzima anajisingizia ugonjwa, na jumbe akahukumu palamatoria, ule ubao wenye matundu wa kupigia viganja, mbele ya kambi nzima, ili wengine wajifunze. Bibi hakujua analoitiwa. Amade alipomwambia atoe mikono, aliitoa yote miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea sadaka. "Ahsante, mwanangu," akamwambia. Amade akapiga. Ngozi ya mzee ni karatasi. Ilipasuka kwa pigo la kwanza, na yeye akaendelea. Mama alimrukia akamng'ata mkono mpaka mfupa, naye akamgeuzia kitako cha bunduki mdomoni. Meno ya mbele ya Mama yalibaki pale mchangani. Bibi Anshia alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, mwili baridi vilevile, na Mama akamwosha akiwa na mdomo uliovimba, hawezi hata kutamka shahada.

Leo Mama ndiye mzee, tunakaa naye Mocímboa, si mbali na bandari. Mwaka jana alianguka uani, akakataa chai, akaniita kwa jina la mamake. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Kipimajoto kikasema hakuna homa, nami nikakunja ngumi tayari. Lakini yule binti muuguzi akasema, "Wazee homa mara nyingi haiwapandi, mama. Mwili umechoka hata kupiga kelele. Ngoja nisikilize kifua." Ilikuwa nimonia. Wakamdunga, akapona. Nilitoka nje nikalia, na si kwa furaha.

Uhuru ulipokuja, Moura alirudi kwao na sanduku lake. Jumbe Shabani alibadili bendera siku ileile waliyobadilisha wengine, na wanawe hukaa viti vya mbele kwenye sherehe. Amade anauza mkaa sokoni, vijana wanampa shikamoo, mimi simpi. Kwenye hotuba wanatajwa waliokufa na bunduki mkononi. Wazee wa kile kibanda hawatajwi, eti waliuawa na kikohozi. Hapana. Waliuawa na watu, na majina yao nimeyasema.

Siku hizi simgusi Mama paji la uso. Kila asubuhi namwuliza, "Mimi nani?" Naye hukasirika, pengo la mdomo wazi: "Wewe ni mpumbavu, swali moja kila siku! Uji wangu uko wapi?" Mgonjwa haulizwi uji, walisema wa kale. Anayeudai kwa matusi, basi leo ni mzima. Nakwenda kuukoroga.