Redio ya Baba Ilijua Kusema

Enzi zetu kule Nyakakika, miaka ya themanini, habari ya msiba haikuja kwa simu. Ndugu walikwenda posta, tangazo likapelekwa Dar es Salaam, huko likasomwa redioni jioni ili liturudie sisi wa Karagwe. Ndiyo maana mama, ambaye dada yake Melania alikuwa mgonjwa sana Biharamulo, hakukosa matangazo ya vifo hata siku moja.

Redio yetu ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo. Baba aliinunua kwa ajili ya sauti yake. Mgeni akifika, anaifungulia mpaka ng'ombe zizini wanageuza shingo. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na maharage. Stesheni za Uganda, Rwanda na Burundi zilinguruma, maana mitambo yao ilikuwa jirani. Dar ilikuja kwa kukwaruza, mara inazama, mara inaibuka. Dawa ya baba ilikuwa moja tu, kuongeza sauti. Kilichoongezeka ni mkwaruzo.

Jirani yetu Gervas, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetokea Burundi, alikuwa na karedio ka kushika mkononi. Ila alikafunga waya mrefu kutoka dirishani hadi kwenye mti uliosimama juu ya kichuguu. Asubuhi moja alikuja kwetu kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Jana jioni wamesoma jina la Melania. Wanazika kesho."

"Yangu hii haikusema," baba akajibu. "Hako kako kamesikia wapi?"

"Mzee, Dar wanarusha kwa nguvu, lakini mpaka ifike huku sauti imeshachoka. Yako inajua kusema. Kangu kanajua kusikia."

Baba alicheka. Akamwambia mama asubiri jioni, redio itasema. Lori la Biharamulo lilipita asubuhi hiyohiyo, tukalisikia likipanda kilima, na mama akabaki anamenya ndizi. Jioni Dar ilikwaruza weee, betri zikafa katikati ya majina.

Barua ilifika wiki iliyofuata. Mama alipofika Biharamulo, kaburi lilikuwa limeshanyeshewa. Hakumlaumu baba mbele yetu. Baba naye hakuomba radhi. Alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu, akafunga waya mrefu kuliko wa Gervas, na Dar ikasikika vizuri kabisa. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi mnara wa simu uko palepale kilimani. Wajukuu wakikosa mtandao dakika mbili wananuna kama wamenyimwa chakula. Ukirudi, wanatumiana picha za chipsi. Mama amezeeka. Simu yake inashika hata jikoni, tumeshamwambia mara nyingi. Lakini ikiita huinuka, hushika fimbo yake, hutoka nje, huanza kupanda kichuguu ili asikie vizuri. Akifika juu, mara nyingi imeshakata.