Lango la Hifadhi na Mgeni wa Migombani

Mhariri ananidai kisa cha lango la hifadhi kana kwamba maharage yangu yanajipalilia. Haya.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa jirani yangu hapa Nyamigogo, mjane anayewauzia watalii ndizi na asali pale langoni. Afisa wa hifadhi akatokea nyuma ya nyumba, kupitia migombani.

"Shikamoo bibi. Lango tunalihamishia barabara ya lami."

Jirani hakuitikia. Kwetu anayeingia uani kwa nyuma ni mwizi au mbuzi. Akanyoosha kidole: "Zunguka, uingie mbele."

Akazunguka, viatu vimejaa tope, akinung'unika: "Kwa nini usiweke mlango na huku, bibi?"

"Kuongeza naweza. Lakini nikiuhamisha huu, wanaonijua watanikuta wapi? Marahaba."

Tulicheka mpaka afisa akatazama chini. Wakubwa wakitaka wajenge lango la pili huko kwenye lami. Hili linamlisha mjane na wenzake, na hatuondoki.

Faini ya kupita nyuma ipo. Afisa alileta kreti ya soda, wazee wa kijiji wakaikataa: faini hiyo ni pombe. Akalipa dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kikombe cha kwanza akakinywa mwenyewe, wima kama mkosaji anavyotakiwa, mbele ya wauza ndizi wote.