Harufu Chini ya Mbao

Juzi, pale Maji ya Chai, nilimwona dereva wa bodaboda akimimina petroli kwenye dumu, na harufu yake ikanirudisha Ziwa Duluti, nikiwa mtoto. Tulikuwa tumeshakaa kwenye boti ya mjomba, naye ameshika ufunguo, mama aliponusa kitu akainua ubao wa sakafu.

"Kaka, usiwashe," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto, shukeni."

Nilidhani ameona nyoka. Nilisimama ukingoni nikimsubiri mjomba atafute fimbo. Yeye alifunga koki ya mafuta, akafungua vifuniko vyote upepo upite, akatuambia safari imeahirishwa.

Leo najua kuwa mvuke wa petroli iliyovuja hujikusanya chini ya sakafu ya boti, na cheche moja ingetuunguza wote. Siku ile mama hakueleza. Alinishika mkono tu, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.