Mama wa kambo alivyosimama katikati ya filamu yangu

Jamani, leo nimeumbuliwa kwa namna ambayo sikuitegemea!

Nimeonyesha kijijini kwetu Kilema ile filamu iliyonipa tuzo Dar. Ukumbi wa parokia umejaa.

Ilipofika pale mtoto anafukuzwa na mke wa baba yake, analala kwenye banda la ng'ombe, mama yangu wa kambo akainuka.

Mtoto yule ni mimi. Na aliyenifukuza ni yeye.

Nikazima projekta. Nikajua leo nalaaniwa hadharani.

"Huyo mwanamke ni mimi," akawaambia watu. "Na mwanangu amenisitiri. Nilimfanyia mabaya kuliko hayo."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo.

Nikawasha projekta tena, nikasema tu, "Mama, kaa. Tumalizie."

Tukaitazama mpaka mwisho, kanishika mkono.

Nyie mngemjibu nini?