Vuai na Korongo wa Kusini ya Jidda

Mume wangu Vuai alikuwa dereva wa gari la maji, na maradhi yake yalikuwa maswali. Tulihamia Jidda baada ya mapinduzi ya sitini na nne, tukapanga mtaa wa Baghdadiya. Katika miaka ile ya mafuta, mji unajengwa mchana na usiku, kila mtu aliuliza kazi iko wapi. Yeye aliuliza ndege wanatoka wapi.

Aliwaona kusini ya mji, kwenye maji mafupi baina ya mikoko ya aina ya mchu: korongo ishirini na tisa, wa kijivu, wa kumfika mtu kifuani, wanaolia kama zumari. Walikuja baridi ilipoanza, wakaondoka mwezi wa tatu. Kinyozi Mturuki alimwambia hupita juu ya kijiji chao. Muuza mikate Msudani akaapa kuwa ni hao hao wanaowalia mtama wao. Vuai alirudi na habari hizo kama aliyeokota lulu, nami nikamwuliza kama korongo wake wameleta nyanya, maana hizo ndizo nilizomtuma.

Kisha wakaja wawindaji na bunduki. Kila Ijumaa waliua wanne, watano, wakapiga picha, wakawaacha pale pale. Vuai aliwasihi, lakini dua la kuku halimpati mwewe. Ndipo yeye na jirani yetu Mbarouk, fundi cherehani, wakaja na shauri la kwetu. Pemba, mtu akiogopa wezi hulikaga shamba, hulitia kinga ya uchawi: hutundika vitambaa vyekundu na vifundo vya kuti, na hapo hakuna mkono utakaogusa karafuu hata moja. Mimi ndiye niliyekata vitambaa, wao wakavitundika kule ufukweni. Havikuwa na dawa wala maandishi. Sote watatu tulijiona werevu.

Wawindaji hawakurudi. Aliyekuja ni askari, ameshika vitambaa na vifundo vyetu, pamoja na Baba Saad, kafili wa Vuai, yaani mdhamini wake kule, kwa kuwa nchi ile mtu akidhaniwa mchawi haachwi hivi hivi. Nilisimama nyuma ya mlango, nikisikiliza.

"Vuai, nani aliyetundika vitu hivi?" Baba Saad akauliza.

"Mimi, baba. Peke yangu."

"Kwa nini?"

"Wasiuawe. Nataka kujua mwaka ujao watarudi wangapi."

Ikama yake, kibali cha kuishi nchi ile, ilikuwa mkononi mwa kafili. Ingefutwa, tungekwenda wapi? Visiwani hatukuwa tena na mlango wa kubisha. Baba Saad akataka vifundo vifunguliwe kimoja kimoja. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Huyu mjinga, si mchawi," akamwambia askari. Kisha akamgeukia Vuai: "Ufukwe ule usiukanyage tena. Nikisikia umekwenda, ikama halas."

Vuai akakubali. Lakini vitambaa vilikuwa vimeshaondolewa, na wawindaji wangerudi, kwa hiyo zamu ikawa yetu wanawake. Tulikuwa tumekaa kule vya kutosha kujua kwamba palipokaa familia, mwanamume wa nje hasogei. Kila Ijumaa ya baridi Mbarouk alitupeleka, mimi na mkewe Badriya na majirani wawili, tukatandika mikeka pale barabara inapoingia ufukweni. Magari yalikuja, yakaona mabuibui, yakageuka. Na mimi nilikwenda nimenuna, kwa upepo ule na mbu wale.

Baridi ya pili ikielekea kwisha, nilirudi nikamwambia Vuai kuwa Badriya amehesabu korongo arubaini na wawili. Vuai akauliza wangapi wana vichwa vya hudhurungi, yaani watoto wa mwaka ule.

Sikujua. Sikuwahi kutazama vichwa.

"Basi wiki ijayo nitazamie, Mwanamize," alisema, akajifunika shuka mpaka usoni, akalia. Niliona haya. Misimu miwili nilikuwa nikikaa pale nimewapa mgongo ndege ambao yeye angetoa chochote awaone mara moja tu.

Ijumaa iliyofuata nilimwachia Badriya barabara, nikageuza mkeka wangu, nikatazama.