Machozi ya mshika sauti wangu

Leo Seif, mshika sauti wangu wa filamu, amelia katikati ya mahojiano, na mimi mjinga nikafurahi.

Natengeneza filamu ya jinsi kubeti kulivyoruhusiwa nchini. Tulikuwa Dunda, kwa Bi Mwanaidi, aliyepangisha chumba chake cha mbele kikawa duka la kwanza la kubeti mtaani kwao. Nimembembeleza miezi minne aongee.

Akaongea.

"Watu wa kubeti walikuja na leseni ina muhuri wa serikali. Nikasema, chenye muhuri kitamdhuru nani?"

Kisha akamtaja mwanawe, Hamisi. Alibeti humo humo nyumbani, mpaka akang'oa bati za jiko la mama yake akauza. Siku hizi hajulikani alipo.

Nikageuka. Seif kavaa hedifoni, machozi yanamtiririka. Nikajisemea, hapa filamu nimeipata.

Jamani!

Hedifoni alizichomeka kwenye simu yake. Alikuwa anasikiliza mpira. Timu yake ya mwisho imesawazishiwa dakika za nyongeza, mkeka wake wa kubeti umechanika; moja ikikosa kushinda, zote zimekwenda.

Kinasa sauti hata hakukiwasha. Saa nzima ya Bi Mwanaidi, midomo inacheza tu. Nikamwomba bibi arudie, akatikisa kichwa. Hawezi tena.

Nikataka kumfukuza Seif palepale. (Nyie mngemfanya nini?)

Bi Mwanaidi akaniwahi. Akamuuliza taratibu, kama anayemjua siku nyingi:

"Ulibakiza timu moja, mwanangu?"

"Moja tu, bibi."

"Hamisi naye kila siku alibakiza moja."